Bakuli la Tairi

Mke wangu ndiye aliyenibandika jina Tairi, kwa sababu sikutulia. Kazi yangu ilikuwa kupaka rangi madaraja ya chuma, na daraja halimfuati mtu nyumbani kwake. Niliondoka na mkoba mgongoni, nikarudi nao umechanika, naye ananicheka mlangoni: "Tairi, leo umepata pancha wapi?"

Miguu iliponikatalia kupanda ngazi, nikastaafu. Nikaanza kusahau miwani, mara jina la jirani. Mke wangu akaingiwa na hofu, akanikokota hadi kliniki ya wazee.

Muuguzi akatueleza kwamba mtu akizeeka, ubongo nao hupata kitu kama kutu. Matunda ya rangi nzito, mboga za majani na karanga vina antioksidanti, vitu ambavyo huenda vikaipunguzia kasi kutu hiyo. Kutu naijua. Nikamuuliza, "Na ile iliyokwisha kula chuma?"

"Hiyo, baba, chakula hakiirudishi nyuma. Hata hiyo kinga ni msaada tu, si ahadi."

Mke wangu hilo la mwisho hakulisikia. Alikuwa mpishi wa bweni maisha yake yote. Akiambiwa chakula kinafaa, basi, yameisha. Kila asubuhi bakuli la bluu: zabibu nyeusi, karanga, na mchicha pembeni ambao sikuuomba.

"Mimi si mbuzi," nilimwambia.

"Mbuzi anajua njia ya kwake. Wewe je? Siku ukipotea nani atakutafuta, na magoti yangu haya?"

Yeye hakuonja hata punje. Chakula cha mgonjwa, alisema. Na mgonjwa tulishakubaliana ni mimi. Yeye hakuna aliyempima.

Asubuhi moja nilikuwa nimeshamaliza kula, akaniletea bakuli jingine. Nikadhani ni mzaha. "Umeniona nina matumbo mawili?"

Akaliangalia lile tupu mezani, akaniangalia mimi, uso ukamgeuka kama wa mtoto aliyevunja kikombe cha wenyewe. Nikalipokea haraka haraka. "Leta, mke wangu. Njaa bado inaniuma."

Tangu hapo nilikula kila alicholeta. Binti yetu, aliyehamia kwetu kutusaidia, akanifuma nikilegeza mkanda chini ya meza.

"Baba, utapasuka!"

"Bora nipasuke mimi."

Akawa anamtilia mama yake zabibu kiganjani. Zote zikarudi kwenye bakuli langu. "Za baba yako hizi," mama anasema, "usinifanye mlafi."

Hadi juzi. Nimekaa mezani, nanyoosha mkono, akalivuta bakuli.

"Samahani, mzee. Hili ni la mume wangu."

"Mumeo si ndiye mimi?"

"Mume wangu yuko safarini," akasema, kwa adabu ile ya kumwambia mgeni. "Akikosa hiki, atasahau njia ya kurudi."

Binti akageukia sinki, akafungua bomba bila chombo cha kuosha. Mimi nikaingia chumbani, nikauvuta mkoba wangu wa zamani mvunguni, nikatokea mlango wa nyuma, nikaizunguka nyumba, nikabisha mbele.

"Hodi!"

Akafungua. Macho yakamwaka. "Tairi! Leo pancha wapi?"

"Darajani, mke wangu."

"Ona ulivyokonda! Ingia ule."

Nilikula punje mojamoja, mkoba ukiwa bado mgongoni. Akaketi karibu nami, akanisimulia habari za mzee mmoja asiye na haya aliyetaka kula chakula changu. Tukacheka, nilicheka kweli. Kisha nikauvua mkoba, nikauweka chini, ili nimshike mkono vizuri.

Akautoa mkono wake polepole. Akazifunika kwa sahani zabibu zilizobaki.

"Mzee, huko ulikotoka, hukumwona mume wangu?"

"Nimemwona," nikasema. "Yuko karibu kufika."

Nikauvaa mkoba, nikatoka tena kuizunguka nyumba.