Taa Tisa Kabla ya Njia Kuu

Kazi yake ilikuwa kufuta taa. Si taa za nyumbani wala za barabarani, bali zile zilizozikwa kwenye lami ya kiwanja cha ndege, vioo vyake vikichungulia juu kama macho ya chura. Kila asubuhi, mnara wa kuongozea ndege ukishatoa ruhusa kwenye redio, alishuka kwenye gari la matengenezo na ndoo yake, kitambaa, na kipande cha godoro cha kupigia magoti, akaanza kusugua matope na weusi wa matairi. Wenzake walimwita Mama Taa. Tangu afiwe na mumewe, miaka kumi na minne ilikuwa imemkuta hapo hapo, magoti chini.

Kati ya taa zote, alizozijua kama watoto wake ni tisa, nyekundu, zilizopangwa mstari mmoja kukatiza njia ndogo, pale inapokutana na njia kuu ya kurukia. Zikiwaka, ndege inasimama. Mnara ukizizima, ndege inaingia. Basi. Na kila taa aliisugua na dua yake. Ya kwanza ilikuwa ya marehemu mumewe. Ya tisa ilikuwa ya mdogo wake, rubani, aliyemlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki na kumwacha hata meno hajaota.

"Mama Taa, taratibu, utazichubua hizo," fundi wa taa alizoea kumtania.

"Wewe zifanye zizimike kwanza, ndipo unifundishe kazi."

Maana kasoro ilikuwa hapo. Kwa wiki tatu taa zile tisa ziligoma kuzimika. Mnara unabonyeza, zenyewe zinawaka tu. Ndege zikapanga foleni, abiria wakanuna, na mnara ukaanza kuwaambia marubani: piteni tu, taa zimeganda. Siku ya kwanza walisita. Siku ya pili waliuliza mara mbili. Wiki ya tatu hakuna aliyeuliza. Dereva wa gari la matengenezo naye alizipita akipiga mluzi, Mama Taa kando yake, ndoo mapajani, kimya. Kazi ikiisha, alijaza daftari la ukaguzi: taa ziko sawa. Vioo vilikuwa safi, na kwake sawa ilikuwa hiyo.

Jumatatu fundi akaupata waya ulioungua, akaubadilisha, akatoa taarifa mnarani. Taa zikaanza kutii. Karatasi ya kuwaarifu marubani ikabaki juu ya meza ya mtu.

Jumanne kulikucha na ukungu. Dereva alimshusha Mama Taa, akaenda zake. Mama Taa alifuta taa zake, maji yakichemka juu ya vioo, na kwenye ya saba kitambaa kikatoboka, kidole kikaungua. Akasogea kwenye nyasi, akikipuliza. Ndege kubwa ikaja kwenye njia ndogo. Akaingoja isimame. Haikusimama. Magurudumu yakapanda juu ya zile taa nyekundu kama mtu anavyokanyaga mkeka wake mwenyewe, na hapo akasikia, ndani ya ukungu, muungurumo wa nyingine ikishuka.

Alirusha mkono juu, ule wenye kitambaa. Nani angemwona?

Walikufa kumi na mmoja. Kumi walikuwa kwenye ile ndogo iliyokuwa inatua. Wa kumi na moja alikuwa msaidizi wa rubani wa ile kubwa. Rubani mwenyewe walimtoa dirishani, mkono unaning'inia, na alipogeuza uso Mama Taa akamtambua. Alikuwa ni mdogo wake.

Siku ya tisa mdogo wake alikuja nyumbani, mkono umefungwa plasta. Alikaa kwenye kiti kile kile alichokuwa akifanyia hesabu za shule. Chai ikapoa.

"Dada, hicho kidole kimefanya nini?"

"Taa iliniunguza."

"Lini?"

"Unajua lini."

Akainamisha kichwa. Nje mtu alikuwa anakung'uta zulia, pu, pu, pu.

"Nimewaambia wachunguzi zilikuwa zimezimika," alisema.

"Nimesikia."

"Mnara unasema uliniambia nisubiri. Kwenye redio tulikuwa tunaongea wawili kwa pamoja, hakuna kinachosikika. Mtambo wa kuweka kumbukumbu za taa ulikufa mwaka jana. Aliyekuwa pale ni wewe peke yako, dada. Msaidizi wangu..."

"Na fundi, wanayemshika kwa taa hizo?"

"Fundi watamwonya tu, yataisha."

"Fundi ana siku nane rumande. Anaonywa na chawa?"

Dada akavuta kiti karibu, kama zamani alipokuwa akimtoa mwiba.

"Uliziona?"

"Niliziona. Nikajua bado zimeganda. Msaidizi alisema, kapteni, nyekundu hiyo. Nikamwambia, hiyo ni ya wiki tatu, twende."

"Basi waambie hivyo hivyo."

"Nikiwaambia hivyo sirushi ndege tena. Labda nitafungwa. Dada, wewe ndiye mama yangu."

"Ndiyo maana sijakufukuza."

Alipoondoka, Mama Taa alipiga magoti kuomba, na kwa mara ya kwanza alikosa pa kuanzia. Hakumwomba Mungu amwonyeshe la kusema. Alilijua. Alimwomba ampe kifua cha kulisema.

Wachunguzi walikuwa watatu, nyuma ya meza ndefu. Mdogo wake alikaa upande wa dirisha, fundi upande wa mlango na askari wake, mashavu yamebonyea. Alipopita, fundi alimnong'oneza, "Mama Taa, sema ulichoona tu. Usinionee huruma."

"Asubuhi ile taa zilikuwa zinawaka au zimezimika?" mkuu wa wachunguzi aliuliza.

Alinyoosha kidole. Ngozi mpya ilikuwa ya waridi. "Taa iliyozimika haiunguzi, mheshimiwa. Zilikuwa zinawaka zote tisa, na ndege ilizipita."

Hakutazama dirishani. Alisikia kiti kikilia.

"Asante, mama. Unaweza kukaa."

"Sijamaliza."

Akawasimulia zile wiki tatu. Mnara ulivyosema piteni. Marubani walivyoacha kuuliza. Dereva na mluzi wake. Mwongoza ndege mmoja wa mnarani, pale ukumbini, alianza kukohoa, na kikohozi kikagoma kuisha.

"Na wewe uliandika nini kwenye daftari?"

"Ziko sawa. Siku ishirini na moja. Mwandiko ni wangu."

Mkuu wa wachunguzi aliweka kalamu chini.

Fundi aliachiwa jioni ile. Mdogo wake alinyang'anywa leseni, na kesi bado inamngoja. Mlangoni alipita karibu na dada yake kwa upande wa plasta, hivyo hata mkono hakuweza kumpa. Tangu siku hiyo simu inaita mpaka inakata. Dada anapiga kila Ijumaa.

Mama Taa alipewa barua ya onyo, akarudishwa kazini. Dua zake hazitoshi tena kwenye mstari ule: taa ni tisa, marehemu ni kumi na mmoja. Akifika mwisho anarudia ya kwanza na ya pili. Ya mdogo wake anaiomba njiani, akitembea, ndoo mkononi.

Juzi walifika pale na gari, taa zinawaka, njia kuu nyeupe hadi mwisho, hakuna hata ndege wa manyoya. Dereva akaachia breki kidogo.

"Mama Taa, si unaona hakuna kitu?"

Alifungua mlango, akashuka, akasimama mbele ya gari na ndoo yake.

"Utanigonga mimi kwanza," alisema.

Dereva akazima injini. Wakangoja.