Machapisho ya Kabla ya Ukurasa

Nyundo ilisikika kabla kioo cha kompyuta hakijawaka. Mbili nyepesi, moja nzito. Mbili nyepesi, moja nzito. Karakana ya viatu ilikuwa kimya saa hiyo, mafundi wamekwenda kula, na nyundo zote zilikuwa zimelala juu ya benchi. Sauti ilitoka kwenye spika ndogo za kompyuta ya kaunta. Binti aliyekuwa amekaa mbele yake, ambaye ndiye huwapima wateja miguu, alisogeza kikombe pembeni. Ni mtu mmoja tu aliyewahi kugonga msumari wa kiatu namna ile, kwa kuubembeleza kwanza halafu kuukomesha. Mtu huyo alikuwa mama yake, na alikwisha kufariki zamani.

"Plagini imekubali," alijisemea binti.

Asubuhi ile baba yake mdogo, ambaye karakana nzima ilimwita Mkurugenzi, alikuwa amemwagiza aweke kwenye tovuti yao kidirisha cha kuonyesha ukurasa wao wa mtandao wa kijamii. Alitaka mtu akifungua tovuti aone papo hapo picha mpya za viatu, waliovipenda na maoni yao, bila kuhangaika kwenda kwingine. Kazi yenyewe si ngumu. Unapakua plagini, kiprogramu cha nyongeza, unaiwasha, unaiunganisha na ukurasa, unachagua upana wa kidirisha, unabonyeza Hifadhi. Binti alifanya yote hayo bila kelele. Ila pale palipouliza machapisho yaonyeshwe kuanzia lini, Mkurugenzi mwenyewe aliinama juu ya bega lake akaandika kwa kidole kimoja. Aliandika mwaka uliopakwa rangi kwenye kibao cha mlangoni, mwaka karakana ilipofunguliwa. Aliupenda mwaka huo. Ulikuwa kwenye mifuko, kwenye risiti, hata kwenye kofia yake.

"Baba mdogo, mwaka huo ukurasa haukuwepo. Hata intaneti hatukuwa nayo."

"Karakana ilikuwepo," alisema Mkurugenzi. "Watu wajue hatukuanza jana."

Plagini ikatii. Ilianza na chapisho la kwanza, la mwaka wa kibao, mahali pake kabisa, chini ya nembo na juu ya namba ya simu. Chumba kilikuwa hiki hiki, lakini kilikuwa na dirisha moja na meza ya kulia chakula badala ya benchi. Mama alikuwa mezani, misumari ameibana midomoni, kiatu cha mtoto amekipakata kama anayekinyonyesha. Picha ilitembea. Alipoinua mkono kufuta jasho, mstari wa wino wa kuchorea ngozi kabla ya kuikata ulibaki kwenye paji lake la uso, na binti akakumbuka kwamba kweli, ulikuwa pale kila jioni, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiufuta kwa ncha ya khanga iliyoloweshwa mate. Alikuwa hajaukumbuka tangu msiba.

Pembeni, juu ya rundo la vipande vya ngozi, alilala mtoto wa kike amefunikwa koti. Binti alijitambua kwa kidole gumba kilichokuwa mdomoni.

Harufu ya gundi ya zamani, ile ya kuchemshwa, ilianza kutoka kwenye kidirisha na kujaza kaunta. Binti aliwaandikia watengenezaji wa plagini kueleza. Walimjibu kwa adabu kwamba tatizo la harufu linajulikana, litashughulikiwa kwenye toleo lijalo, na kwa sasa apunguze upana wa kidirisha. Akapunguza. Harufu ikapungua kidogo.

Mafundi waliporudi, yule mkongwe wao, aliyeitwa Soli kwa sababu ya ugumu wake, alijifuta mikono kwenye aproni akasogea.

"Bi Kompyuta, hebu nipishe." Alitazama kwa muda. "Huyu mwanamke bado anaweka misumari mdomoni! Nilimwambia siku moja atameza, akanijibu akimeza atanitapikia mimi, nihesabu kama imetimia."

Wengine wakacheka. Mama naye, ndani ya kidirisha, alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, maana upande mwingine ulikuwa na misumari.

Maoni yalianza kuingia kabla ya alasiri. Mtu mmoja aliandika kwamba viatu vyake vya kwanza vya shule vilishonwa na mikono ile ile, na kwamba havikuisha, bali miguu ndiyo iliyovishinda. Mwingine aliuliza kama mama bado anapokea oda. Binti alijibu kwamba kwa sasa hapana.

Baada ya kujibu alifungua ukurasa wa Kuhusu Sisi, uliokuwa na sentensi moja iliyomkaa kooni tangu tovuti ilipoanza: *Karakana hii ilianzishwa na Mkurugenzi kwa mikono yake miwili.* Mara nyingi alikuwa ameomba jina la mama liwekwe hapo, hata kwa herufi ndogo. Kila mara Mkurugenzi alijibu kwa upole kwamba shemeji yake alisaidia sana, na chai yake haikuwa na mpinzani.

Safari hii alimwita, akamvutia kiti.

Mkurugenzi alitazama mkono ukiwa chini ya kidevu. Aliona mama akikata ngozi ya kiatu cha kwanza, akikipaka rangi kibao cha mlangoni, akipuliza ili kikauke. Hakubisha.

"Ndiye," alisema. "Mkono wake huo. Angalia anavyozungusha kisu. Sijaona tena mtu wa hivyo."

"Basi nibadilishe sentensi?"

"Picha ziache, nzuri sana. Sentensi usiiguse. Jina langu liko kwenye kila sanduku, mwanangu. Nitawaambia nini watu?"

Kidirisha kikasogea chenyewe kwenye chapisho lililofuata. Mlangoni alisimama kijana mwembamba, viatu vimeachama mbele kama samaki, kifurushi kwapani. Mama alimtazama miguu kabla ya uso. Akamkalisha, akamvua viatu, akaanza kuvishona bila kumuuliza kitu. Kijana alikula kilichokuwa mezani, akala na cha mtoto. Alipomaliza alisema, akiwa ameinamisha kichwa:

"Shemeji, nyumbani niliwaambia nina kazi mjini. Wakisikia nimekuja kulishwa na mjane wa kaka yangu, nitaficha wapi uso?"

Mama alikata uzi kwa meno.

"Hawatasikia. Akija mtu nitasema fundi ni wewe, na karakana ni yako. Sitakuumbua mbele ya yeyote, shemeji. Nakuahidi."

Mkurugenzi alitoa leso. Alilia vizuri, kama watu wanavyolia kwenye picha za harusi za zamani, bila haraka. Karakana nzima ilimngoja. Kisha akakunja leso, akairudisha mfukoni, akamgeukia binti.

"Umemsikia kwa masikio yako. Aliahidi."

Akanyoosha kidole akaufunga ukurasa wa Kuhusu Sisi, sentensi ikiwa kama ilivyokuwa. Soli alijifanya anatafuta kitu sakafuni. Kwenye kidirisha mama alikuwa amekwisha kumvisha kijana viatu vyake na sasa alikuwa akimfundisha kushika nyundo, mkono wake juu ya mkono wa kijana. Watu wengi walikuwa wamelipenda chapisho hilo.

Binti alisimama ili asiongee akiwa chini.

"Aliyeahidi ni yeye, baba mdogo. Mimi nilikuwa nimelala, sikuulizwa. Sasa na mimi nakuahidi, mbele ya mafundi wako. Kila atakayeingia humu kupimwa mguu, kabla sijamshika kisigino, nitamwambia mama yangu aliitwa nani na alifanya nini kwenye chumba hiki. Wewe ukiwepo, nitasema kwa sauti zaidi."