Kivuli cha Upande wa Zaire

Mtu mwenye akili zake akitaka kwenda Kirando kutoka Sumbawanga hupanda lori, akapitia Namanyere, akateremka mlima na kufika amejaa vumbi. Mimi nilizunguka mpaka Kasanga ili nipande meli. Kaka yangu Zenon aliniuliza kama nimerogwa. Nikamwambia dagaa wa kununua Kirando watanisubiri, na meli haina vumbi. Ukweli ni kwamba mume wangu Masalu alikuwa anarudi Kigoma kwa meli hiyo, na kutoka Kasanga hadi Kirando ni kutwa nzima ya kukaa naye.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa ruksa, biashara imefunguliwa, kila mtu anauza kitu. Kinu alichokuwa akifanyia kazi Masalu kilikuwa kimefungwa, naye akaenda Kigoma kutengeneza injini za boti za watu binafsi. Nyumbani alikuja Pasaka na Krismasi tu. Mimi nilibaki Kasense, pale pale Sumbawanga, kwa Zenon, kwenye nyumba iliyojaa mawifi na watoto wao. Masalu akija, tulilala chumba kimoja na watoto wa Zenon, katikati pazia. Mtoto wetu angepatikanaje? Hata mazungumzo hayakupatikana.

Na Masalu si mtu wa kuzungumza hovyo. Ni Msukuma, kakulia nyuma ya ng'ombe kule bondeni Rukwa, na kwao neno zito halisemwi watu wamesimama. Mpaka mkae, mtulie, pawe na kivuli. Penye watu utamsikia akitania tu. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Miaka mitatu ya ndoa nilikuwa bado nausubiri huo mshindo. Nilitaka neno moja kutoka kwake: Usishuke Kirando, twende wote Kigoma. Angelisema, nisingeshuka.

Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza melini ilikuwa kutafuta kivuli.

Sitaha ya nyuma ilikuwa imeshikwa na wachuuzi: magunia ya mchele, marobota ya mitumba, vitenge vya Zambia, na mama mmoja aliyelala juu ya mali yake huku jicho moja liko wazi. Mbele hapakuwa na mtu, lakini chuma kilikuwa kimeshaanza kuwaka na jua la asubuhi. Kwenye ujia wa jikoni palikuwa na ubaridi mzuri, ila kila aliyepita na sufuria alitukanyaga. Juu kabisa palikuwa na turubai, na chini yake viti vya kujinyoosha vya daraja la kwanza, vitupu vyote. Nikakaa kimoja. Mhudumu akaja mbio.

"Tiketi yako ya daraja gani, dada?"

"Kwani kivuli nacho kina daraja?"

"Meli hii kinalo."

Nikampa vidonge vyake, nikamwambia viti havina anayevikalia na jua halina habari na daraja. Masalu akanishika mkono, akacheka. "Twende, Fransi. Utatutosa ziwani."

Yeye ndiye aliyepaona. Upande wa kushoto, upande unaotazama Zaire, palining'inizwa boti la kuokolea watu, na kati yake na ukuta palikuwa na nafasi ya watu wawili wasioogopana. Meli ilikwenda kaskazini, jua liko upande wa nchi kavu, kwa hiyo kivuli chote cha meli kililala huko. Watu wote walikuwa wamejazana upande wa pili, kutazama vijiji na mitumbwi. Upande wetu kulikuwa na maji tu, na milima ya Zaire mbali kama moshi.

Nikatandika khanga. Tukakaa. Masalu akavua viatu, akaegemea ukuta, akafumba macho. Mimi, Fransiska, ambaye mawifi husema nikinyamaza nina homa, nilinyamaza. Upepo ulikuwa unapita chini ya lile boti na nikasikia raha mpaka nikaona uchungu, maana nilijua tangu hapo kwamba nitaikumbuka siku hiyo na kwamba itakuwa moja tu. Bega lake lilikuwa limegusa langu. Kasense hatukuwahi kugusana mchana.

Kivuli kikaendelea kupungua, nasi tukavuta miguu. Ilipokaribia saa sita Masalu akafumbua macho na kutazama maji kwa muda mrefu. Akakohoa kidogo. Nikajua linakuja.

"Fransi," alisema. "Kule Kigoma nimepata..."

Honi ya meli ikalia juu ya vichwa vyetu. Tulikuwa tumefika Wampembe. Meli ikageuka kidogo ili kusimama, na boti za kuleta abiria zikazunguka mpaka upande wetu wenye maji matulivu. Nikainama kuchungulia, nikaona boti ya kwanza, na ndani yake mama yangu mzazi, amevaa gauni lake la kanisani, ameshika kuku.

Mama alikuwa anakaa Wampembe kwa mdogo wangu Adolfu. Nilipomwona, moyo ulifurahi na kuzama kwa wakati mmoja. Masalu alikuwa ameshainuka, viatu mkononi. Kwa Wasukuma, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai pamoja na hawatazamani usoni. Anapokuwapo mmoja, mwingine anaondoka. Si ugomvi, ni heshima.

"Kaa," nilimwambia. "Hajatuona."

"Mimi nimemwona."

"Atakaa upande wa pili. Masalu, malizia kwanza."

"Na jua hili, mama akae wapi? Mpe nafasi yangu." Akaondoka kuelekea mbele, kule kwenye chuma kinachowaka.

Nikashuka kumpokea mama, ningefanyaje? Shikamoo, marahaba, nikampeleka kivulini. Alikuwa anakwenda Kirando kwenye arusi ya mtoto wa dada yake. Alikaa pale pale alipokaa Masalu, akamfunga kuku mguu, akaanza kunipa habari za Adolfu, mke wa Adolfu, na wavu wa Adolfu. Nilisema "ndiyo, mama" mahali pote panapotakiwa. Kichwani mwangu mlikuwa na neno moja tu. Amepata. Amepata nini? Kazi ya kudumu? Ugonjwa? Au mwanamke wa huko, mwenye chumba chake, asiye na kaka wala mawifi? Niliweza kumwona kabisa huyo mwanamke. Alikuwa mweupe na mwenye nywele nyingi.

"Mwenzio yuko wapi?" mama aliuliza.

"Mbele."

"Juani?" Mama akatikisa kichwa. "Kwetu mkwe anachuchumaa, anapiga makofi, tunasalimiana, basi, tunakula. Hawa wenzetu wanatukimbia." Lakini niliona amefurahi kuheshimiwa hivyo.

Alasiri jua likavukia upande wetu, nikamhamishia mama upande wa pili, na aliposinzia nikaenda mbele. Masalu alikuwa amejifunika shati kichwani, katikati ya wachuuzi waliohama kivuli kilipohama.

"Umepata nini Kigoma?"

Akawatazama wale watu, kisha miguu yake. "Tutazungumza Krismasi."

Nilirudi kwa mama nikiwa na hasira za kulia. Krismasi ilikuwa mbali, na pazia la watoto wa Zenon lilikuwa pale pale.

Jioni tukafika Kirando. Tukateremka botini, mama, mimi, mizigo, kuku. Boti ilipoachana na meli, Masalu akatokeza ukingoni juu. Akanitazama mara moja, akakumbuka mama yuko kando yangu, akageuza uso kuelekea Zaire. Nikabaki natazama kisogo cha mume wangu kikizidi kuwa kidogo.

Nikasimama. Mwenye boti akanifokea nikae. Sikukaa.

"Masalu! Ulikuwa unasema umepata nini?"

Boti nzima ikanitazama. Abiria wa meli wakasogea ukingoni kusikiliza, yule mhudumu wa viti akiwemo. Nilidhani Masalu ataingia ndani. Kisha akashika chuma kwa mikono miwili, na bila kugeuka, akapaza sauti kuyaambia maji ya Zaire, mbele ya watu wote wale:

"Nyumba! Nimepata nyumba! Njoo meli ijayo!"

Watu wakacheka. Mimi nikakaa juu ya mzigo wa mtu.

Mama alikuwa amejifunika khanga usoni kwa heshima ya mkwewe. Akanigusa paja.

"Anasema na nani yule, anapiga kelele peke yake?"

"Na mimi, mama," nilisema.