Kisima cha Saba

Nguzo za daraja letu la mto Chenab, huko Punjabi, zilisimama juu ya visima. Tulijenga duara la matofali juu ya mchanga, tukauchimba mchanga ulio ndani yake, nalo likazama taratibu kwa uzito wake, kama babu zetu walivyozamisha visima vya mashamba. Waingereza walileta reli na chuma. Kazi hii waliikuta kwetu wakajifunza, na mhandisi wetu, Bwana Pelham, hakuona haya kulisema hilo.

Mwezi wa Chet, joto lilipokaribia, kisima cha saba kikainama. Barua ikaja kutoka kwa wakubwa wa reli huko Lahore: kivunjwe kwa baruti kabla theluji ya milimani haijayeyuka na kuujaza mto. Ustadi Dittu, mkuu wa wachimbaji, aliielewa vizuri barua ile. Fundi aliyepoteza kisima hapewi kingine, katika mto wowote.

"Nipe siku tatu, Sahib," alimwambia Pelham.

"Za nini? Mmepakia vyuma upande ulioinuka na hakijasogea."

"Vyuma viko juu. Kilichokishika kiko chini. Nimekwenda kupapasa. Ni gogo."

Kehar Singh, msimamizi wa vyuma, akacheka. "Mzee, kwa umri huo ulipaswa kuwa unaota jua."

"Nawe ota, mwanangu. Usije ukalowa ndevu."

Pelham aliisoma barua tena, akaikunja. "Lahore hawajalipapasa hilo gogo," alisema. "Siku tatu. Tukishindwa, nitajibu mimi."

Maneno hayo ya mwisho hakulazimika kuyasema.

Tukamtupia Khwaja Khizr, bwana wa maji, sukari guru, Waislamu na Wahindu pamoja. Dittu akajifunga kamba kiunoni, akashika patasi na nyundo, akazama ndani ya kisima kilichojaa maji. Kamba niliishika mimi. Alikuwa akigonga chini ya maji mpaka pumzi inamwishia, anaibuka, anatema maji, anarudi. Siku mbili aliendelea hivyo. Hatari ilikuwa moja: gogo likikatika, kisima kingeshuka naye akiwa chini yake.

Siku ya tatu, adhuhuri, matofali yakalia. Sikungoja ishara. Nilivuta kwa nguvu zangu zote, Kehar naye akarukia kamba nyuma yangu. Dittu alitokea sikio likimvuja damu, na kisima kikashuka shubiri nzima, kikatulia.

Pelham alishusha timazi mwenyewe, mara tatu. Kisha akamkabidhi Dittu uzi.

"Pima wewe."

Dittu akapima bila haraka. "Kimepishana na wima kwa upana wa kidole tu."

"Mimi pia nimepata hivyo."

Alikaa palepale juu ya matofali akaandika jibu la kupeleka Lahore, akamtaka Kehar atusomee kwa Kipunjabi. Lilikuwa fupi: Kisima cha saba kimesimama. Kimenyooshwa na Ustadi Dittu, si kwa mashine. Kesho anaanza cha nane.

"Kesho kutwa, Sahib," alisema Dittu, akiinamisha kichwa upande. "Sikio bado limejaa mto."

Pelham akaifuta kesho, akaandika kesho kutwa.