Saba Isiyo na Mstari

Evangelina alikuwa akishona vifungo kwenye kibaraza cha fundi Tahiri, mjini Rumonge, Burundi, na kati ya kifungo na kifungo aligawanya namba. Namba yenyewe ni moja tu, 104729, iliyoandikwa kwenye kadi ya chakula ya familia yao, kambini Tanzania walikokuwa wakimbizi. Alikuwa na miaka kumi na minne mwalimu alipowaambia watafute namba kubwa isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Yeye akatoa kadi. Alikuwa amefika kuigawanya kwa mia moja na tatu malori ya kurudi nyumbani yalipokuja, na daftari likapotelea njiani.

Sasa alikuwa ameanza upya. Tahiri alimcheka wiki nzima, kisha naye akanogewa.

"Dada, iko zinabaki ngapi za kujaribu?"

"Jumla ni tasa sitini na sita, mpaka mia tatu na kumi na saba; inayofuata, mara yenyewe, inaipita namba yetu. Ukipita hapo bila kupata kitu, basi hakuna."

"Tasa?"

"Ndivyo tulivyofundishwa. Namba tasa. Haizai."

Alilitamka haraka neno hilo. Alikuwa na miaka minane ya ndoa na Lameki bila mtoto, na majirani walishalisema nyuma yake.

Kesho yake Tahiri alikuja akipunga karatasi. "Inagawanyika! Thelathini na moja mara elfu tatu mia tatu hamsini na tisa. Hakikubaki kitu!"

Evangelina akanyong'onyea. Thelathini na moja alishaijaribu, ikabaki kumi na moja. Akagawanya tena, ikabaki kumi na moja ileile. Akaiomba karatasi.

"Fundi, umeandika 104129."

"Nilinakili kwenye kaye yako, hili daftari. Ona, hii si moja?"

"Hiyo ni saba!"

"Saba gani haina mustari? Hapa kwetu saba tunaikata katikati."

"Kule kambini hatukuikata."

Walicheka mpaka Sumaya, aliyekuja kuchukua gauni lake, akauliza nani kafanya nini. Walipomweleza, akacheka kwa adabu, akachukua gauni lake akaenda.

Alhamisi mvua ilitoka ziwani ikawafukuza wateja. Wakagawana namba zilizobaki, huyu zake na yule zake, kila mmoja akihakiki za mwenzake. Adhana ya alasiri iliwakuta wamebakiza mbili.

"Mia tatu na kumi na tatu," alisema Tahiri. "Inabaki mia na themanini na saba."

Evangelina aliifanya ya mwisho polepole. "Inabaki mia na kumi na tisa." Akaweka kalamu chini. "Haigawanyiki."

"Murakoze Mungu, asante! Unajua, sisi shuleni, kwa Kifaransa, namba hizi tuliziita premier. Za kwanza."

"Kwa nini za kwanza?"

Tahiri akajikuna kidevu. "Naona ni kwa sababu zingine zote zinazaliwa nazo. Sita imetoka kwa mbili na tatu. Kumi imetoka kwa mbili na tano. Hakuna namba isiyokuwa na hizi ndani yake, ukiacha moja."

Evangelina alimwomba arudie. Tahiri akarudia, kwa sauti kubwa zaidi kwa ajili ya mvua.

Jioni alimsimulia Lameki, aliyerudi kutoka kwenye kinu na mikono myekundu kwa mawese. Lameki alisikiliza mpaka mwisho huku akila ndagala, dagaa wa ziwani.

"Na inayofuata, 104730?"

"Ah, hiyo! Hiyo inagawanyika hata kwa kumi."

"Masikini, hiyo si ya kwanza," alisema Lameki, akamsogezea sahani.