Behewa la Mgahawa

Gundi ilikuwa imeganda chini ya behewa kama kamasi la mtoto asiyefutwa pua, ya manjano, yenye nywele za paka na makombo ya mkate ndani yake. Volkmar alilishika behewa lile kwa ncha za vidole, akalisogeza mbali na uso. Lilikuwa behewa dogo la mgahawa, la bati jekundu, lililotengenezwa kabla baba yake hajazaliwa. Sasa ekseli moja ilikaa upande, na mlango ulikuwa umebandikwa juu chini.

Alikuwa amekuja Annaberg, nyumbani kwa mama yake, kuchukua treni ya kuchezea ya marehemu baba yake. Kwake Dresden, watu walimletea mabehewa ya kale yaliyovunjika, naye akayatengeneza hata wenyewe wasione palipoungwa. Kazi mbovu ilimtia kichefuchefu kama mate sakafuni.

Mezani, kando ya mama yake, alikaa Ekkehard, jirani yao mgane, akila keki ya plamu kwa mkono. Tangu msiba alikuja kila alasiri, na Volkmar hakuweza kumtazama akitafuna.

"Nani kafanya uchafu huu?" Volkmar aliuliza.

Ekkehard akameza. "Nilishika mimi."

"Ulishika? Umeliua. Mtu hajui kazi, si aache tu? Umepaka kama unaziba bomba la choo, mzee."

"Volkmar," mama yake alisema.

"Niache, Mama. Nikiliangalia nataka kutapika."

Alilowesha kitambaa kwa asetoni, akasugua. Gundi ikalainika, ikavutika nyuzinyuzi, harufu kali ikajaa chumbani. Mlango ukang'oka, ukabaki kiganjani mwake.

"Ekkehard alishika tu," mama yake akasema taratibu. "Aliyepaka ni baba yako. Mkono mmoja ulikuwa umeshakufa, na huo mwingine unatetemeka."

"Mbona hamkuniletea mimi?"

"Nilitaka. Akakataa. Akasema, 'Yule atalishika kwa ncha za vidole.'"

Kinyaa kilikuwa palepale kooni mwa Volkmar, ila sasa hakujua akiteme wapi.

Ekkehard aliinuka, akajipangusa vidole kwenye suruali, akalichukua behewa bila kuomba ruhusa. Volkmar akamfuata hadi chumba cha pili, ambako reli zilikuwa bado zimetandazwa juu ya meza ndefu. Akalifunga behewa nyuma ya injini, akawasha umeme. Treni ikaondoka; behewa la mgahawa likayumba nyuma yake kama mlevi, pengo la mlango wake likiwa wazi. Lilipofika kwenye kona, Ekkehard akainama, akaliegemeza kwa kidole.

"Hapa lazima ulisaidie, la sivyo linaanguka," alisema. "Mimi nilikaa upande huu. Baba yako kule."

Upande wa pili palikuwa na kiti kitupu, mto wake umebonyea. Volkmar aliona doa la plamu liking'aa juu ya paa jekundu, na mkono wake, bado na kitambaa, ukataka kwenda kulifuta.

"Linakuja huko," Ekkehard alisema.

Volkmar akakaa kwenye kiti kile. Treni iliingia kwenye kona yake, na behewa lilikuwa limeshaanza kuinama.