Bibi Amekataa Kushuka

Kwa masikitiko makubwa, mimi Lukasi, mume halali wa Bi Prisca wa Kinole, natangaza kifo cha mke wangu mpenzi kilichotokea hospitalini mjini Morogoro baada ya kuugua kwa muda mfupi. Habari ziwafikie mashemeji wote popote walipo, wakiwemo wale waliohamia Dar es Salaam wakajifanya hawatujui.

Tangazo hilo nililitunga mwenyewe, nikalisoma mbele ya waombolezaji huku nimekunja uso kama waziri, na lilikuwa likipokelewa vizuri sana mpaka mama yangu, Judith, aliponizaba kofi la kisogoni. Ukweli ni kwamba marehemu alikuwa na miaka themanini na tatu, nami nina kumi na sita na nasoma kidato cha tatu katika shule ya bweni ambako walimu wamenizoea kama watu wanavyozoea jino bovu. Alikuwa bibi yangu, mzaa mama. Lakini kwetu bibi na mjukuu ni watani, na tangu nilipojua kusema alikuwa akiniita mume wangu, nami nikimwita mke wangu. Tuligombana kama watu wa ndoa. Mimi nilimlaumu kwa kunipikia mchicha kila siku. Yeye alinilaumu kwa kuondoka asubuhi bila kuacha chochote cha kupika zaidi ya huo mchicha.

Msiba huwakalisha watu wengine, mimi ulininyanyua. Siku zote tulizokaa matanga nyumbani kwa mjomba, kule Kihonda mjini, sikuweza kutulia. Nilihamisha viti kutoka kivulini kwenda juani, kisha nikavirudisha kivulini. Nilichanja kuni ambazo hakuna aliyeziomba. Kila nilipopita nilidondosha mzaha, na wazee wakafuta macho kwa kicheko, wakasema kijana huyu ana moyo wa chuma, ametupunguzia machungu. Sifa hizo nilizipokea zote. Sikumwambia mtu kwamba nikikaa kimya hata kidogo, magoti yalianza kucheza yenyewe.

Mjomba Evance ndiye aliyekuwa mkubwa wa msiba. Ni kaka wa mama, na kwetu Waluguru mjomba akikohoa, baba hunyamaza. Mwaka huu alikuwa ameagiza kutoka ng'ambo pikapu inayotembea kwa umeme, na katika pikapu hiyo hakuna alichokipenda kama kifuniko cha nyuma. Kilikuwa cha vibamba vyeusi vya chuma vilivyoshonana, kikijikunja na kujikunjua kwa mota, kama mlango wa duka uliolazwa chali. Unabonyeza rimoti, taa za nyuma zinakonyeza, nacho kinateleza kwenye reli zake bila haraka, kama padri anayefunga kitabu cha misa. Jirani alipopendekeza tukodi gari la kawaida na kumfunika marehemu kwa turubai, mjomba alimtazama kwa huruma.

"Turubai ni la kufunikia matenga ya nyanya," alisema. "Mama yetu hataingia Kinole na vumbi usoni."

Hapo hata mama hakubisha. Bibi alikuwa mfupi, jeneza lilienea nyuma ya pikapu kana kwamba limepimiwa, na kifuniko kikapita juu yake taratibu mpaka kikamficha. Mjomba alikuwa na rimoti yake shingoni. Rimoti ya akiba niliikuta droo ya sebuleni, nayo ikaingia mfukoni mwangu kwa miguu yake yenyewe.

Usiku wa kuamkia siku ya maziko mvua ilikuwa imenyesha milimani. Pikapu ilipanda kwenda Kinole ikirusha tope jekundu mpaka juu ya kioo, lakini haikutoa mlio wowote, na hilo lilituharibia mapokezi. Wanawake wa Kinole walikuwa wamekaa tayari kusikia mngurumo wa gari ndipo waangue kilio, kama desturi ilivyo. Hakuna aliyesikia kitu. Tuliingia uani kama wezi, na wa kwanza kutuona alikuwa mama mmoja aliyekuwa akimenya ndizi. Alipiga ukelele wa woga, siyo wa msiba, na kilio rasmi kikafuata kwa kuchelewa na bila mpangilio.

Mbele ya wote alisimama Bi Mwanahawa, kiongozi wa watani wa ukoo wetu, mwanamke mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Alikuwa amevaa kanga ya marehemu, ameshika fimbo ya marehemu, anamwigiza mwendo wake wa kuburuta mguu wa kushoto na kukohoa kila baada ya hatua. Watu waliokuwa wakilia walijikuta wakicheka bila kuacha kulia.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa," nilisema.

"Marahaba, mume wa marehemu. Umekonda. Mjane gani wewe usiyelishwa?"

Kisha akatandika mkeka nyuma ya pikapu na kujilaza juu yake.

"Hashuki mtu hapa!" alitangaza. "Huyu Prisca alikula kuku wangu mwaka wa njaa, leo mnataka kumficha ardhini? Nani atanijibu?"

Ndiyo haki ya watani. Wanaweza kumzuia marehemu mpaka wapewe chochote cha kuwatuliza, na aliyefiwa haruhusiwi kukasirika. Mjomba hakukasirika, ila alitazama mawingu yaliyoanza kushuka kutoka kileleni, akamtazama na Padri Stephano, ambaye alikuwa na maziko mengine kijiji cha pili.

"Bi Mwanahawa, muda," alisema, akabonyeza rimoti yake.

Taa zikakonyeza, kifuniko kikajikunja. Vijana wanne wakamruka Bi Mwanahawa, wakainama kushika jeneza. Na mimi, mjukuu na mtani, mume mwenye haki ya kumzuia mke asiondoke, nikabonyeza kitufe cha kufunga cha rimoti yangu mfukoni.

Kifuniko kikarudi. Vijana wakachomoa mikono kama waliogusa sufuria ya moto. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Bi Mwanahawa alishtuka, nilimwona, lakini mtani mzuri haachi bahati ipite mlangoni.

"Mmeona?" alisema, akijiweka sawa mkekani. "Hata gari limekubali kwamba nadai haki!"

Mjomba akabonyeza, nami nikabonyeza. Kikaenda, kikarudi. Mwishowe akasalimu amri, akaagiza jogoo aletwe.

"Mmoja? Kwani Prisca alikuwa kifaranga?"

Akaletwa wa pili, na mkungu wa ndizi juu yake. Bi Mwanahawa akanyanyuka, akakung'uta kanga, akasema anatoa ruhusa. Mjomba akabonyeza. Mimi safari hii niliacha mkono nje ya mfuko, maana mzaha ukizidi chumvi hauliki.

Kifuniko kililia kwa sauti nyembamba, kama mbu sikioni, kisha kikanyamaza. Hakikusogea. Mjomba akabonyeza tena. Nikachungulia rimoti yangu: kijitaa chake kilikuwa chekundu, ishara kwamba kifuniko kimekwama.

"Bi Mwanahawa, si tumeshatoa?"

"Mmetoa."

"Basi fungua."

"Nifungue nini, Evance? Mimi nimesomea umeme?"

Hakuna aliyemwamini. Jogoo wa tatu akaletwa, kisha ungo wa mchele, kisha kipande cha sabuni. Bi Mwanahawa alivipokea, kwa kuwa mtani hakatai, lakini aliwatazama kuku wale kama mtu anayelipwa kwa kazi ya mwingine.

"Ipo kamba ya dharura," mjomba alisema hatimaye, akipangusa jasho. "Ukiivuta, kifuniko kinaachia chenyewe."

"Iko wapi?" akauliza Mzee Benedikto, katekista.

"Ndani."

"Ndani wapi?"

"Humo."

Wote tukakitazama kifuniko. Mzee Benedikto akakuna kidevu.

"Basi tumwombe marehemu atuvutie," alisema.

Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Padri Stephano aligeuza uso kuelekea mlimani, mgongo wake ukatikisika. Mzaha ule ulikuwa bora kuliko yote niliyotunga tangu msiba uanze, nami kama mtaalamu nilipaswa kuwa wa kwanza kuuheshimu. Nilifungua mdomo nicheke, nikakuta hakuna kitu.

Mama hakucheka pia. Alikuwa amechuchumaa kando ya pikapu, akipitisha kidole kwenye reli.

"Kaka, tope," alisema. "Limejaa tope humu."

Aliomba maji. Wanawake wakaleta ndoo na vikombe, wakamwaga polepole, naye akakunja ncha ya kanga yake kwenye kidole na kusafisha kona kwa kona, kwa upole, kama mtu anayemsafisha mzazi masikio. Hakuna aliyemhimiza. Maji mekundu yalichuruzika mpaka kwenye matairi. Mimi nililizunguka gari, nikarudi, nikalizunguka tena, nikajifanya nakagua upande wa pili ambao tayari ulikuwa umekaguliwa. Miguu ilinituma niondoke na ikanituma nibaki.

Mfukoni, kijitaa kikageuka kijani.

Mjomba akabonyeza. Kifuniko kikaanza kujikunja, laini kama mwanzo, na ukelele wa furaha ukapanda. Kwenye upenyo ule niliona mwisho wa jeneza, na juu yake kanga ya bluu ambayo bibi alikuwa akijifunga akienda kanisani. Kisha nikainua macho, na kwa mara ya kwanza tangu tufike nikatazama kule wanakotazama wengine: njia nyembamba kati ya midalasini, na mwisho wake rundo la udongo mbichi, na vijana wameegemea majembe, wanasubiri.

Sikuamua. Kidole kilibonyeza.

Kifuniko kikarudi mpaka mwisho. Safari hii hakuna aliyecheka. Mjomba akabonyeza tena. Kikafika nusu, nami nikakirudisha.

"Amekataa," sauti ya mwanamke ikasema nyuma yangu, chini kwa chini. "Bibi amekataa kushuka."

Neno lile likaenda mdomo kwa mdomo mpaka likazunguka uwanja. Mzee Benedikto akatoa rozari. Mama akakaa chini, pale pale kwenye tope alilolisafisha.

"Mama," alikiambia kile kifuniko, "tumekukosea nini?"

Nilitaka kusema. Badala yake nilibonyeza tena, bila sababu, kifuniko kikiwa kimeshafungwa, na tena, na tena, kama mtu anayetikisa mlango ambao anajua umefungwa. Mawingu yalikuwa yamefika kwenye mapaa. Padri alitazama saa yake, kisha akaificha ndani ya mkono wa kanzu, kwa adabu.

Mjomba Evance akavua koti, akalikunja, akampa Padri alishike. Huyu ni mtu aliyekuwa akigomba ukiegemea tu gari lake.

"Nipeni shoka," alisema.

"Evance, gari lako," akasema Mzee Benedikto.

"Gari ni bati. Nipeni shoka."

Likaletwa. Alipanda nyuma ya pikapu, akapanua miguu juu ya bampa, akalinyanyua shoka. Hapo Bi Mwanahawa akaudaka mpini kwa mikono miwili.

"Ngoja."

"Bi Mwanahawa, utani umekwisha."

"Haujaisha. Kuna mtani mmoja hajasema." Alikuwa ameacha kukohoa na kuburuta mguu, alisimama kama yeye mwenyewe. "Ukibonyeza kidubwasha chako, zile taa nyekundu zinakonyeza. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Sasa wewe umeshika shoka, mikono yote miwili. Mbona zimekonyeza? Na sasa hivi tena, mbona zimekonyeza?"

Nikaondoa kidole, lakini nilikuwa nimechelewa. Watu wote walizitazama taa, kisha wakaanza kutazamana. Bi Mwanahawa peke yake hakuwa na haja ya kutafuta. Alikuwa ameshanigeukia.

"Mume wa marehemu," alisema, bila ukali, "toa mkono mfukoni."

Niliutoa. Rimoti ilikuja nao, imelowa jasho. Nilitafuta mzaha. Mimi ni mtu mwenye mzaha wa kila hali: wa kukutwa jikoni shuleni, wa kukutwa juu ya ukuta, hata wa kukutwa na mwalimu wa nidhamu nikiwa nimevaa miwani yake. Niliupekua moyo wote, sikupata hata mmoja.

"Ni mimi," nilisema.

Mjomba aliteremsha shoka taratibu. "Tangu mwanzo?"

"Mwanzo nilikuwa natania, mjomba. Hapo katikati ilikuwa tope, haki ya Mungu."

"Na sasa hivi?"

Mama aliinua uso. Kanga yake ilikuwa nyekundu mpaka magotini, nami ndiye niliyemfanya aulize lile swali aliloliuliza. Nilimtazama yeye, siyo mjomba.

"Sasa hivi," nilisema, na sauti ikanikatikia njiani, nikalazimika kuanza upya. "Sasa hivi nilikuwa sitanii."

Nilingoja kofi la mama, nililihitaji, halikuja. Mjomba alilaza shoka kwenye nyasi, akakaa juu ya bampa na suruali yake ya msibani, akajipangusa uso kwa viganja vyote viwili. Kisha akasogea kidogo, akaniachia nafasi.

Nikakaa. Matone ya kwanza yalianza kugonga kifuniko nyuma ya migongo yetu. Rimoti ilikuwa bado mkononi mwangu, na hakuna aliyeninyang'anya; walinisubiri nibonyeze mwenyewe.